Wote wanataka kuua, nani atakuwa sapoti?

SWALI: Dada, habari za kazi. Sisi ni vijana watano wa mtaa mmoja hapa Morogoro, usiku tunacheza Mobile Legends, mchezo wa vita wa watano kwa watano, kwenye simu. Shida yetu ni kugawana nafasi. Kila mechi wawili au watatu wanang'ang'ania kuingia msituni, nafasi ya kuwinda wanyama na kuvamia wapinzani, na sapoti, yaani wa kuwalinda na kuwasaidia wenzake, anatupiwa mdogo wangu kwa kuwa ndiye mdogo kwa umri. Sasa amesusa, anasema yeye si mtumishi wetu. Tumekwama ngazi ya Epic msimu mzima. Nifanyeje?
Kapteni, Morogoro

JIBU: Kapteni, mdogo wako ana haki ya kususa. Mimi mwenyewe nacheza sapoti, tena kwa kupenda, na kinachoniudhi hadi leo ni mechi kuisha watu wakaanza kuhesabu nani kaua wangapi, kana kwamba yule aliyesimama mbele akapigwa ili wengine wapone hakuwepo.

Hiyo vita ya msitu nayo inawagharimu. Anayebeba Retribution, uwezo wa kupiga wanyama wa msituni, hupunguziwa dhahabu ya askari wadogo wanaotumwa na mchezo wenyewe dakika za mwanzo, kwa sababu mchezo unamtaka ale wanyama wa msituni. Wakibeba wawili, wanyama hawawatoshi na askari hawawalipi. Dakika ya 2 Kasa, mnyama mkubwa anayegombaniwa na timu zote mbili, anapotoka, wote wawili bado ni wachanga na wapinzani wanamchukua bila jasho. Abebe mmoja tu.

Tatizo hili si lenu peke yenu. Overwatch, mchezo wa timu wa kurushiana risasi, ilipotoka mwaka 2016, kila mchezaji alijichagulia atakacho. Mwaka 2019 watengenezaji wake, Blizzard, wakaweka foleni ya nafasi: tanki wawili, washambuliaji wawili, sapoti wawili, basi. Tangu hapo anayetaka kushambulia mara nyingi husubiri mechi muda mrefu kuliko wenzake, maana wanaoitaka nafasi hiyo ni wengi. Kwenye League of Legends, mchezo mwingine wa watano kwa watano, unataja nafasi mbili kabla ya kutafutiwa mechi, unayoipenda zaidi na ya akiba. Ninyi mnafahamiana, kwa hiyo hamhitaji kompyuta iwagawie. Kaeni kabla simu hazijawashwa, kila mmoja ataje nafasi zake mbili. Kama wawili wametaja msitu, mmoja ashike leo usiku mzima na mwingine kesho. Msibadilishane kila mnapopigwa. Mtu akishaona mechi moja mbaya inamvua nafasi, atacheza kwa woga.

Sasa mdogo wako. Usimrudishe kwa kumbembeleza, mpe mamlaka. Sapoti hana kazi ya kuhesabu askari wadogo, kwa hiyo macho yake yako huru kutazama ramani. Yeye ndiye awe sauti ya timu: aseme "rudini", aseme "twende kwa Kasa", na ninyi wakubwa mtii, hata wewe kapteni. Najua kumtii mdogo wako mbele ya marafiki ni kugumu, ila bila hilo sioni kitu kingine kitakachomrudisha.

Halafu fungueni marudio ya mechi moja mliyofungwa, muitazame pamoja. Acheni hesabu ya kuua. Kila mmoja wenu anapokufa, simamisheni na mtazame sapoti alikuwa wapi, na kama aliwaita mrudi. Mtu akishajiona kwa macho yake akikimbilia watatu peke yake huku Estes, shujaa mponyaji wa mdogo wako, amebaki nyuma hawezi kumfikia na tiba, hatahitaji kuambiwa.

Na kama baada ya hayo yote bado anataka kujaribu kushambulia, mwachieni njia ya dhahabu, ile ya mshambuliaji anayekusanya dhahabu, na mmoja wa wale wapenda msitu ashike sapoti. Hizo mechi mzicheze kwenye Classic, zisiguse ranki, mpaka wote wawili wazoee.