Maswali yenu: Faili la Westlands halina kazi London

*Nikimtumia mwenzangu faili kutoka Westlands hadi Industrial Area, zote Nairobi, tracert (amri ya kompyuta inayoonyesha njia ya data) inaonyesha limepitia London. Kwa nini?*

Kwa sababu mtandao hufuata mikataba, haufuati umbali. Watoa huduma wenu wawili hawabadilishani trafiki (data inayopita) hapa nyumbani kupitia KIXP, kituo ambacho mitandao ya Kenya hukutania, basi wanakutana Ulaya, na gharama ya safari hiyo iko ndani ya bili yako. Tumelipigania jambo hili miaka mingi. KIXP ilipowashwa Novemba 2000, Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake ya ukiritimba imevunjwa, na muda si muda CCK, mdhibiti wa mawasiliano wakati huo, ikaamuru kituo kizimwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Internet Society, shirika la kimataifa la kukuza intaneti, ilikadiria kwamba mwaka 2012 ni asilimia 30 tu ya trafiki ya Kenya iliyobadilishwa nchini. Kufikia 2020 ilikuwa 70. Mtoa huduma aliyebaki nje ya KIXP leo amechagua mwenyewe. Mpigie simu, umuulize kwa nini.

*Hili "wingu" liko wapi hasa?*

Ndani ya majengo, kama lile la Sameer Park, Barabara ya Mombasa, Nairobi: seva (kompyuta zinazohifadhi data na tovuti), betri, jenereta na mitambo ya kupoza hewa.

*Intaneti yangu iko polepole, nifanyeje?*

Hukutaja mtoa huduma, mtaa wala saa. Andika upya. Nimeomba hivyo mara nyingi mno.

*Mei 2024 EASSy na Seacom, mikongo ya intaneti ya baharini, zilipokatika, KIXP ilitusaidia nini?*

KIXP haileti intaneti ya ng'ambo. Huwaunganisha walioko hapa. Tovuti ambayo seva yake iko Nairobi haihitaji bahari ili kumfikia msomaji wa Nairobi. Lakini angalieni sana: wengi wanahamishia seva nyumbani na kuiacha DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva, Ulaya. Mkongo ukikatika, duka liko wazi na hakuna anayejua njia ya kufika.

*Shule yetu itafute seva Ulaya kwa sababu ni nafuu?*

Wanafunzi wenu wako Kenya, kwa hiyo wekeni hapa. Kabla ya kusaini, msivutiwe na uzio na walinzi wa jengo la seva. Ulizeni ni mitandao mingapi imeingia jengoni, na kama mwenye jengo anaruhusu mtoa huduma yeyote kuvuta faiba yake. Akisema ni mtoa huduma wake peke yake, ondokeni. Siku akipandisha bei hamtakuwa na pa kugeukia. Na nakala ya pili ya data muiweke jengo jingine, hata Mombasa.