Mama mkwe hataki gesi ndani: jibu la muuza gesi na mkaa

Mkuu, umeuliza kama mama mkwe wako yuko sahihi kukataa mtungi usiingie kwenye chumba na sebule yenu hapo Mbagala, eti bora jiko la mkaa hata mvua ikinyesha na ikabidi alipikie ndani. Mimi nauza vyote viwili, gesi na mkaa, hapa Tandika, kwa hiyo sina sababu ya kupigia debe upande mmoja. Kuogopa ni haki yake. Shida ni kwamba hofu ameipeleka siko.

Hili naliona dukani kila siku. Mteja akisikia harufu ya gesi anaruka nje. Huyo huyo, jiko la mkaa likishakolea, jekundu, moshi umekata, analiingiza chumbani na kufunga dirisha. Tumezoea kwamba kibaya kinanuka. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya yai viza inatiwa makusudi kabla haijatufikia, ili ikivuja tujue. Mkaa hakuna aliyeutia harufu. Ukiwaka kwenye chumba kisichopitisha hewa unatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu ambayo haionekani wala hainuki, na inashika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinagonga, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inalegea. Mtu anasema hii malaria, ngoja nilale. Hapo ndipo watu hawaamki. Na moshi kukata si dalili ya usalama, maana makaa mekundu bado yanaitoa mpaka yazimike kabisa.

Masika mkaa wa kopo unatoka sana kwangu. Kuna wanaokaushia nguo za mtoto ndani, kuna wanaomwekea mzazi jiko chumbani apate joto. Ukiwaambia angalau wafungue dirisha wanakujibu, "Na mbu je?" Sina jibu zuri la hilo zaidi ya chandarua.

Sasa gesi. Sisemi ni ya kuchezea. Ila wateja wangu wana swali moja tu: "Umejaa huu?" Naupandisha kwenye mizani, anaridhika, anaondoka. Hakuna anayechungulia mdomo wa mtungi kuona kama kile kipete cha mpira kipo na hakijapasuka. Kikikosekana, kaza unavyotaka, itavuja. Halafu bodaboda anaulaza mtungi kwenye siti kama gunia la viazi. Humo ndani gesi iko katika hali ya kimiminika. Mtungi unatakiwa kusimama, safarini na jikoni. Wale wanaoulaza au kuutikisa gesi ikikaribia kuisha, ili wakamue ya mwisho, wanaweza kutoa kimiminika badala ya mvuke, na moto ukaruka mpaka usoni.

Kupima uvujaji ndiyo kichekesho, kama kingekuwa cha kuchekesha. Bado kuna watu wanapitisha njiti ya kiberiti! Koroga sabuni ya unga na maji kidogo, paka povu pale jiko linapofungwa kwenye mtungi, na kwenye mpira wote kama ni ule mtungi mkubwa, kisha fungua koki ya mtungi, kitufe cha jiko kikiwa kimefungwa, bila kuwasha. Kuna mama alinibishia kwamba wake hauvuji. Nikampakia povu mbele yake, pale shingoni vipovu vikaanza kupanda kimoja kimoja. Akatoa macho: "Kumbe ndiyo maana unaisha haraka!" Moto haukumtisha hata kidogo. Hasara ndiyo ilimuuma.

Mkisikia harufu ndani, kumbukeni gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Dirisha peke yake halitoshi, fungueni mlango. Msiguse swichi yoyote, iwe ya kuwasha au ya kuzima, na feni iacheni kama ilivyo. Fungeni koki, mtungi nje, watu nje. Ikishindikana, Zimamoto ni 114. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, funika na uzime jiko, usimwagie maji. Mtu akiungua, achaneni na dawa ya meno na ute wa yai. Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20.

Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sawa kabisa. Ila mitungi inaingia majumbani haraka kuliko maelezo, na sisi wauzaji wengi tunajua kutaja bei tu.

Kwa bi mkubwa, usimhubirie. Mpe yeye bakuli la povu, apake kwa mkono wake kila mtungi mpya ukiletwa, ndipo muwashe. Mtungi ukae karibu na mlango, na usiku ifungwe koki ya mtungi wenyewe, si kitufe cha jiko peke yake. Akikataa hata baada ya hapo, muache apikie mkaa uani au barazani palipo wazi, mimi mkaa nitamuuzia. Ila jiko libaki huko huko mpaka yawe majivu baridi, hata kama mvua inanyesha na wali haujakauka.