Mangi, kitendawili cha leo kipo?

Wiki iliyopita nimepata meseji ya dada mmoja yuko Dodoma, anafanya kazi ofisini, kazi yake ni kuingiza namba kwenye kompyuta toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kwa kifupi aliniuliza hivi: kaka, huwa nasoma unavyosema watu waingize ubunifu na michezo kwenye kazi zao, sasa mimi na namba zangu huo mchezo nauingizia wapi? Nikaona nimjibu hapa hapa maana najua hayuko peke yake, na pia Jumamosi imenitokea kitu dukani ambacho nimeshindwa kukaa nacho kimya.

Jumamosi mida ya saa nne kaja baba mmoja na mwanae wa kama darasa la tatu hivi, wametoka Mkundi. Anayeijua Morogoro anajua toka Mkundi mpaka hapa kwangu Kihonda maduka ya vifaa vya ujenzi unayapita mengi tu. Mtoto ndo kaingia wa kwanza, hata shikamoo hajatoa, anauliza, "Mangi, kitendawili cha leo kipo?" (Wananiita mangi, jina wanaloitwa wauza duka wa Kichaga, wakati mi Mluguru wa Mgeta, nimeshazoea.) Baba yake akacheka akasema huyu tulipita hapa mwezi uliopita kununua kitasa tu, ukamtegea kitendawili, toka siku hiyo nikitaja kitu chochote cha nyumba ananiambia baba twende kwa mangi wa vitendawili. Na siku hiyo huyo baba hakuja kununua kitasa, alikuja kupaua. Mabati ya nyumba nzima, geji 28, na misumari yake, na mbao za kenchi akaniachia mimi nimtafutie. Ndo oda kubwa kuliko zote nilizopata mwaka huu. Risiti niliandika mkono unatetemeka.

Kuna watakaosema bahati. Haya, sasa ngoja niwasimulie nilikotoka.

Kabla ya duka nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja, miaka 6, jina lake nalihifadhi. Stoo kubwa, rafu ndefu, kila rafu ina namba yake, A3, A4, B7, hivyo hivyo mpaka mwisho. Vibarua wa kupakia walikuwa wanabadilika kila wiki na wengine kusoma kwao kwa shida, unamwambia kalete elbo za robo tatu B7 anakuletea tii za nusu inchi toka D2, gari limesimama nje, dereva anapiga honi, mimi napiga kelele, yaani kila siku ni ugomvi mpaka narudi nyumbani koo linauma. Basi kuna Jumapili moja nikaingia stoo peke yangu, nikachukua vipande vya silingibodi vilivyovunjika, nikakusanya makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki vidole viwili vitatu chini, nikaanza kuchora. Rafu ya bomba na viungio vyake nikaweka nyoka. Misumari nikaweka nungunungu. Vitasa na komeo nikaweka kobe, kwa sababu kobe anajifungia mwenyewe. Rangi ikawa kinyonga. Matenki, kiboko. Nilichora toka asubuhi mpaka jua likazama, sikula, na wala sikusikia njaa.

Wazo lenyewe sikulitoa mbinguni. Nilikuwa nimeona picha za Tingatinga Dar, kule Oysterbay, nikasimuliwa habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Huyu bwana alianza kuchora mwaka 1968, na hakwenda kutafuta turubai wala rangi za wasanii, alichukua mbao za dari na rangi ya makopo, ile ile watu waliyokuwa wanapakia baiskeli. Mnanielewa mimi muuza vifaa hiyo habari iliniingiaje? Yaani vitu vyote alivyotumia ni bidhaa za stoo yangu! Mwaka 1972 akafa kwa risasi, polisi walimfananisha na wahalifu. Alichora kama miaka minne tu na leo staili nzima ya uchoraji inaitwa kwa jina lake. Mi nilikuwa na rangi ile ile na ubao ule ule miaka 6 naupangia namba.

Jumatatu vibarua walipoingia walisimama mlangoni wanacheka, afu kazi ikaanza. "Kalete elbo kwa nyoka!" "Kilo tano kwa nungunungu!" Ndani ya wiki mbili makosa yalikuwa yamekwisha kabisa, kuhesabu mzigo wa mwisho wa mwezi tulikuwa tunatumia siku mbili, tukamaliza siku moja saa tisa mchana. Kijana mmoja akaniletea kipande cha ubao akasema bro rafu ya nyaya haina mnyama, tuweke popo, maana wananing'inia. Kibarua wa siku! Analipwa jioni na kesho hajui kama atarudi, lakini usiku amelala anaiwazia rafu ya nyaya.

Halafu akaja bosi toka makao makuu kukagua. Alitembea mpaka katikati ya stoo, akasimama mbele ya kinyonga, akaniita mbele ya watu wote, vibarua, dereva, karani, hadi mama wa chai. Akasema, "Hapa sio chekechea." Hakuuliza hesabu imefikia wapi, hakuuliza makosa yamepungua kiasi gani, karatasi zote nilikuwa nazo mkononi nimeziandaa kumwonyesha. Akasema jioni asione hata kimoja. Nikavitoa mwenyewe kimoja kimoja kwa bisibisi na vibarua wananiangalia. Ni miaka mingi sasa lakini lile neno chekechea nikilikumbuka bado linanichoma, sitaki kudanganya kwamba nimelisahau. Nyoka na nungunungu nilienda nao nyumbani. Mwaka uliofuata nikaacha kazi.

Mambo ya mkopo, leseni na kutafuta fremu nayaruka, kila aliyefungua biashara anayajua na hayana raha. Ninachotaka kusema ni kwamba mwaka wa kwanza wa duka langu mwenyewe niliboreka kuliko nilivyokuwa stoo. Hapo nilishangaa. Bosi hayupo, chekechea hakuna wa kuisema, lakini nimekaa kwenye kiti toka asubuhi nachezea simu, mteja anakuja, anataka msumari, nampa msumari, anaondoka. Kumbe bosi nilikuwa nimemhamishia kichwani kwangu, kila nikiwaza kitu cha raha nasikia sauti yake.

Ilibidi siku moja nijilazimishe. Nikachukua kipande cha plaiwudi, nikapaka rangi nyeusi, nikanunua chaki, nikaandika: *Wanangu wawili hugombana mchana, usiku hupatana.* Chini yake: ukijua jibu nakupunguzia 500, usipojua nipe mji.

Mteja wa kwanza kusimama alikuwa fundi seremala mzee, namheshimu sana, milango nusu ya huku Kihonda katengeneza yeye. Alikuja kununua bawaba. Akaweka bawaba zile jozi mbili kiganjani, akasoma ubao, akatafuna midomo, akasema mume na mke. Nikamwambia hapana mzee. Akasema basi jua na mwezi. Hapana. Watu wawili wa pikipiki wakasogea, mama wa genge naye akaja na kisu chake cha kumenyea, kila mtu ana lake. Mwisho mzee akasema haya chukua Kilosa. Nikamwambia kama tulivyokuwa tunafanya utotoni, nimeenda Kilosa, nimepokelewa vizuri, nimekula nimeshiba, wakazi wa Kilosa wanakusalimia, na jibu ni mlango, ule wa pande mbili. Mzee aliangalia bawaba mkononi mwake. Akaziangalia kama anaziona mara ya kwanza. Afu akacheka cheko moja la chini chini, mabega yanacheza, akasema miaka yote hii nawapatanisha mimi na sijui! Kesho yake asubuhi alirudi, hakuwa na shida ya kununua kitu, alikuja kuangalia ubao.

Ndo pale nilipopona. Toka siku hiyo kila nikifungua duka naandika kitendawili kabla sijafagia.

Na mchezo ukazaa mchezo. Mfano misumari, naichota kwa koleo naweka kwenye mizani, kazi ya kijinga kabisa ukiiangalia hivyo. Nikaanza kubahatisha uzito kabla sijaweka, na mteja naye anabahatisha, aliyekaribia zaidi ndo mshindi, hakuna zawadi, ni kushangilia tu. Mwanzo nilikuwa nakosea vibaya, nasema kilo inakuja kilo na robo. Sa hivi mkono wangu umejifunza, misumari ya inchi 4 nikichota kilo mara nyingi mizani inakubali. Hakuna semina niliyoenda.

Lakini niseme na hili kwa sababu nimeahidi kusema ukweli hapa. Kuna jioni alikuja kijana, nikampokea kwa sauti kubwa kama kawaida yangu, "Kitendawili!" Hakuitika tega. Alitaka vanishi, msasa na misumari midogo. Nikaendelea, nikamwambia bwana leo umenuna nini, jibu basi, kuna 500 hapa. Akasema kwa sauti ya chini, kaka ni ya jeneza la mama. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimfungia vitu vyake, hela sikuchukua, nikafuta ubao, na kesho yake nikaenda msibani. Kwa hiyo nawaambia, mtazame mtu usoni kwanza. Mchezo unataka watu wawili waliokubali, mmoja akiwa hayupo tayari unakuwa unamuumiza.

Sasa nirudi kwa dada yangu wa Dodoma. Dada, usisubiri ruhusa, na usianze na kitu kikubwa. Kabla hujabonyeza kupata jumla, bahatisha jumla yako kichwani, iandike pembeni kwenye karatasi, halafu bonyeza uone umekosea kwa kiasi gani. Fanya hivyo wiki mbili uniambie. Mafaili yako yape majina kimoyomoyo, lile linalokusumbua kila mwezi mpe jina la mnyama, mimi ningemwita fisi. Chora kwenye kona ya daftari, kidogo tu, hakuna anayeona. Anza na kidogo, nasisitiza, kidogo kabisa, rafu moja, kona moja, usitangaze. Mimi kosa langu stoo nilichora karibu rafu zote kwa siku moja, ningeanza na nungunungu peke yake labda yule bosi angepita asimuone, na ukifika wakati wa kumuonyesha una miezi sita ya hesabu mkononi.

Na nyie mabosi mnaosoma hapa, najua mpo. Mfanyakazi akicheka akiwa kazini msidhani anawaibia muda. Mmeshawahi kujiuliza kwa nini watoto wa mtaani kwetu, ambao hawana mia mfukoni, wanatengeneza gari la waya lenye usukani unaokata kona, magurudumu ya visoda au ya kandambili iliyokatika, na mpira wa chandimu wa mifuko na kamba unaodunda? Hakuna aliyewalipa, hakuna aliyewapa bajeti. Halafu mtoto huyo huyo anakua, anaajiriwa, mnampa namba ya rafu na mnamwambia anyamaze, na mwisho wa mwaka mnaita mkutano mnauliza kwa nini vijana wetu hawana ubunifu! Ubunifu mlimvua mlangoni. Na wazazi pia, ile tabia ya kuchoma magari ya waya eti uchafu ndani ya nyumba, acheni. Mama yangu alikuwa analisogeza la kwangu akifagia, afu analirudisha pale pale lilipokuwa, na mpaka leo nalikumbuka hilo kuliko nguo zozote alizoninunulia.

Turudi Jumamosi, sijawamalizia. Wakati baba mtu anahesabu hela, yule mtoto akaniambia leo natega mimi. Nikaitika tega. Akasema, "Askari wangu hawafanyi kazi mpaka wapigwe kichwani." Nimekulia kwenye vitendawili mimi, bibi yangu Mgeta alikuwa anatutegea mpaka moto unazima, lakini hicho sijawahi kukisikia popote, kakitunga mwenyewe njiani. Nikajaribu ngoma, nikajaribu punda, nikajaribu kengele ya shule. Yote hapana. Akasema nipe mji. Nikampa Kihonda akakataa, Kihonda ndogo, anataka Dar es Salaam. Nikampa Dar es Salaam. Akazunguka kwenye matenki kule nyuma, akapita kwa nungunungu wangu ambaye sa hivi ananing'inia juu ya ndoo za misumari, akarudi anahema, akasema nimefika Dar, nimekula chipsi, nimeiona bahari, na jibu unalo mkononi.

Nilikuwa nimeshika koleo imejaa misumari ya bati ya baba yake.

Nimekiandika ubaoni Jumapili jioni. Leo Jumatano, mafundi kumi na mmoja wameshakisoma, na nimeshapewa Iringa, Mikumi na Zanzibar.