Dodoma kwa Mgeni: Uliza Kwanza ni Barabara Ipi

Nakuja kwa treni kutoka Dar, nina siku mbili tu. Nilale wapi nisimalizie hela kwenye bajaji?

Kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza kiko barabara ipi. Njia kubwa zinazotoka katikati ya jiji ni nne: ya Dar es Salaam mashariki, ya Singida magharibi, ya Arusha kaskazini na ya Iringa kusini. Mpango wa makao makuu wa 1976 uliuchora mji uwe mpana, maeneo yameachana, haubanani kama Kariakoo. Kwa hiyo ile "ni hapo tu" ya mwenye gesti ipokee kwa tahadhari. Kwa siku mbili tafuta Uhindini au Makole. Nyerere Square na soko la Majengo utafika kwa miguu. Nzuguni kunafaa kama una basi la alfajiri, maana stendi kuu ya Nanenane iko huko. Kwa kutembea mjini, hapana.

Na ukirudi kupanda treni, mwambie dereva "SGR", yaani stesheni ya reli mpya. Ukisema "stesheni" peke yake unaweza kushushwa ile ya zamani, na treni ya umeme haimsubiri mtu.

Bajaji, boda au daladala?

Daladala kama njia yako imenyooka. Bajaji kama mna mizigo, na mpatane kabla hujakaa. Boda kama una haraka na dereva ana kofia ya pili. Hana, mwache aende.

Mjukuu wangu anasema Dodoma ni maofisi tu, haina historia. Ni kweli?

Shikamoo mzee. Mwambie mjukuu aanze na Mpwapwa, mji wa mkoa huu huu. Misafara ya pembe na watumwa kati ya pwani na Tabora ilipita Ugogo, na Mpwapwa ilikuwa mahali pa kupumzika kabla ya kuingia nyika kavu. Watemi wa Kigogo walijua thamani ya visima vyao, wakatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila msafara. Wazungu wa karne ya 19 waliopita hapo wamejaza vitabu kulalamikia hongo hiyo. Mimi naona walitozwa haki: maji yalikuwa ya watu.

Mji wenyewe wa Dodoma ulikua na reli ya Wajerumani, ile iliyofika Kigoma 1914. TANU ikaamua 1973 kuwa hapa ndipo makao makuu, na 2018 ukawa jiji. Mtembee pamoja kutoka stesheni ya zamani hadi Nyerere Square. Njiani mtaona enzi zote mbili, na hamhitaji gari.

Michoro ya kale ya miambani ya Kolo naweza kwenda na kurudi siku moja?

Unaweza, ila ondoka giza halijaisha. Kolo iko barabara ya Arusha, mbele ya Kondoa, kama kilomita 180 kutoka Dodoma, lami. Tatizo huanza ukishuka kwenye basi: michoro haiko kando ya barabara. Unaanzia ofisi ya mambo ya kale, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, halafu kuna njia ya vumbi na kupanda miamba. Mkiwa wanne, changeni mkodi gari la juu. Ukitegemea basi utaona pango moja na kuanza kuhesabu saa.

Myekundu ndiyo ya kale zaidi, wanyama na watu warefu wembamba, kazi ya wawindaji. Myeupe ilikuja baadaye. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia 2006. Usiguse, na usirushie maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Tabia hiyo imeharibu mingi. Mongomi wa Kolo, moja ya sehemu zenye michoro hiyo, bado ni mahali pa matambiko, hivyo mwongozaji akisema subirini, subirini.

Bungeni mgeni anaruhusiwa?

Ndiyo, lakini si kwa kujitokeza tu getini. Zungumza mapema na ofisi ya mbunge wako, beba kitambulisho, na kaptula iache gesti.

Nije mwezi gani?

Epuka Aprili hadi Juni kama hujaweka chumba: ni Bunge la bajeti, na gesti hujaa. Julai kuna upepo, vumbi na baridi ya usiku, beba sweta. Ukitaka zabibu, njoo Februari na Machi, au Agosti na Septemba.