Maswali ya Bustani: Yungiyungi la Siku Moja

SWALI: Ndugu mhariri, miaka minne iliyopita nilipanda mayungiyungi ya siku moja chini ya mti mchanga ulio karibu na ukuta wa nyumba. Mwaka wa pili yalichanua vizuri sana, lakini tangu hapo maua yamezidi kupungua, na mwaka huu nimepata mabua mawili tu, ingawa majani ni mengi na yamekolea rangi ya kijani. Nimeyawekea mbolea ya dukani mara tatu bila mafanikio. Tena, hata maua hayo machache hunyauka jioni ile ile. Je, yana ugonjwa?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hofu yako ya mwisho, maana ndiyo iliyo nyepesi. Ua linalofunguka asubuhi na kunyauka jioni si gonjwa. Hiyo ndiyo tabia ya mmea huu, na jina lake la kisayansi, Hemerocallis, limetokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya siku na uzuri. Ukilisogelea bua jioni utaona ua la leo limelegea na kunata kidoleni kama karatasi iliyolowa, na ubavuni mwake tumba la kesho limekwisha kuvimba na kuanza kuonyesha rangi. Bua lenye afya hubeba matumba mengi yanayopokezana zamu, ndiyo maana kichaka kimoja huweza kuchanua kwa majuma kadhaa.

Sasa nije kwenye upungufu wa maua. Unasema mti ulikuwa mchanga ulipopanda, lakini katika miaka minne matawi yake yametanda, na bila shaka mahali palipokuwa na jua sasa pana kivuli kwa sehemu kubwa ya siku. Mmea huu huvumilia kivuli kwa kuendelea kuotesha majani, lakini ili uchanue sawasawa unahitaji takriban saa sita za jua kila siku. Mizizi ya mti nayo inaunyang'anya maji na chakula. Ama mbolea, naogopa umeyazidishia majani nguvu, hasa ikiwa ni ile yenye naitrojeni nyingi, kwa kuwa naitrojeni hukuza majani kuliko maua. Iache kwa sasa. Mboji iliyooza vizuri itatosha.

Jambo la tatu ni msongamano. Mmea mmoja wa yungiyungi hili ni upepeo wa majani uliosimama juu ya shingo fupi, nayo mizizi huanzia shingoni hapo. Kila mwaka pepeo mpya huchipuka ubavuni, hata baada ya miaka mitatu hadi mitano kichaka huwa kimebanana kiasi kwamba katikati hapachanui tena. Dawa yake ni kuking'oa na kukigawa, na wakati mzuri ni mara baada ya msimu wa maua kwisha. Punguza majani yabaki na urefu wa sentimita 15 hadi 20, chimba kwa uma ukianzia mbali kidogo na kichaka ili usikate mizizi, kisha kioshe kwa maji mpaka udongo wote utoke. Hapo utaona kitu kinachonifurahisha kila ninapogawa mimea hii: mizizi minene, mingine imevimba mfano wa viazi vyembamba, ambamo mmea huweka akiba ya maji na chakula. Tenganisha kwa mikono, ukiacha pepeo mbili au tatu katika kila fungu.

Panda mafungu hayo penye jua, mbali na mti, kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60. Ndani ya shimo tengeneza kilima kidogo cha udongo, ukalishe shingo juu yake na kuitandaza mizizi pembeni, kisha fukia hadi shingo iwe sentimita mbili au tatu tu chini ya ardhi. Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu shingo iliyozikwa mno huchelewesha maua, na mahali pasipopitisha maji huoza. Mwagilia mpaka mizizi ishike. Usishangae yasipochanua vizuri msimu wa kwanza baada ya kuhamishwa.

SWALI: Nina mayungiyungi ya rangi ya machungwa ambayo huenea sana lakini hayajawahi kunipa mbegu. Nifanyeje ili niyazalishe?

JIBU: Maelezo yako yanalingana na aina kongwe ya Hemerocallis fulva, spishi yenye asili ya Asia ambayo Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa jina hilo mwaka 1762. Aina hiyo ina seti tatu za kromosomu (vijiuzi vya seli vinavyobeba urithi) badala ya mbili, kwa hiyo haizai mbegu, bali hutambaa kwa mashina yaliyo chini ya udongo. Igawe tu kama nilivyoeleza hapo juu, na usiipande karibu na mimea dhaifu, kwa maana itaimeza. Aina nyingine hutoa mbegu, lakini mara nyingi miche yake haifanani na mama.

SWALI: Paka wangu hupenda kutafunatafuna majani ya bustanini. Je, mmea huu una madhara kwake?

JIBU: Ndiyo, tena makubwa. Ingawa yungiyungi la siku moja si yungiyungi halisi, sumu yake kwa paka ni ile ile: huharibu figo, na majani, maua, hata chavua iliyonata kwenye manyoya anayoyalamba vyote vina hatari. Ukimwona ametafuna mmea huu, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa ile ile bila kungoja dalili, kwa kuwa anaweza kuonekana mzima huku figo zimekwisha kuanza kuharibika. Ikiwa paka huyo hutoka nje apendavyo, nakushauri uing'oe mimea hiyo na kumpa mtu asiyefuga paka.