Menyu ya BBS inapoteza mstari wa juu na kuacha mistari mitupu

Ndugu, umesema menyu ya BBS yako (ubao wa matangazo wa kompyuta ambao wageni huuingia kwa programu ya teminali) inapoteza mstari wa juu, na picha za ANSI (zinazochorwa kwa herufi na misimbo ya rangi) zinaacha mstari mtupu katikati ya kila mistari miwili. Hayo ni makosa mawili tofauti.

Menyu yako ina mistari 25, ila SyncTERM, programu ya teminali ya kuingilia BBS, ikionyesha mstari wa hali (wa taarifa za muunganisho) pale chini, inabaki 24 tu, na wa kwanza unasukumwa nje. Unaweza kuuficha mstari wa hali, lakini hapo umejiponya wewe peke yako. Chora kwa mistari 23, wageni wote wataona vizuri. Kagua pia mwisho wa faili: CR LF (alama za kurudi mwanzo wa mstari na kushuka mstari mpya) moja iliyosahaulika hapo inatosha kusogeza skrini.

Mistari mitupu inatokana na safu ya 80, yaani nafasi ya mwisho kulia kwenye mstari. Herufi ya hapo ikishaandikwa, teminali za mtindo wa ANSI.SYS (kiendeshi cha skrini cha DOS) hushusha kishale papo hapo, kisha CR LF inakishusha tena. Ishia safu ya 79, au futa CR LF kwenye mistari yenye herufi 80 kamili.

Na kama ukitoka kwenye gumzo inasogea sehemu ndogo tu ya skrini, tuma ESC[r (inayorudisha usogezaji kwenye skrini nzima) kabla ya ESC[2J (inayofuta skrini).