Govi Linalobana: Je, Tohara Ndiyo Tiba Pekee?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, mkazi wa Bukoba, na sijatahiriwa. Tangu nibalehe, govi langu halijawahi kurudi nyuma likavuka kichwa cha uume. Uume ukiwa umelala linafunguka kidogo, lakini ukisimama linabana na kuuma. Mwaka jana nilijifungia bafuni nikalivuta kwa nguvu, likachanika na kutoka damu, na tangu hapo naona linabana zaidi. Natarajia kuoa mwakani. Mhudumu mmoja wa afya aliniambia, bila hata kunitazama, kwamba dawa yake ni tohara tu. Je, ni kweli? Naona aibu kuuliza tena.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Pole kwa maumivu, na pole zaidi kwa kujibiwa bila kutazamwa, maana katika tatizo hili kuitazama ngozi ndiyo nusu ya matibabu.

Si kweli kwamba tohara ndiyo tiba pekee. Hali yako kitabibu huitwa fimosisi, yaani mdomo wa govi kuwa mwembamba kiasi kwamba kichwa cha uume hakiwezi kupita. Ikiwa ngozi haijaharibika sana, dawa ya kupaka ya jamii ya steroidi, ikiambatana na kulinyoosha govi taratibu, huweza kulilegeza ndani ya wiki chache, na katika tafiti nyingi, hasa zile zilizohusu watoto na vijana, zaidi ya nusu ya waliotibiwa hivyo hawakuhitaji upasuaji.

Lile la bafuni usilirudie kabisa. Ngozi iliyochanika ikipona huacha kovu, na kovu halivutiki kama ngozi ya kawaida, kwa hiyo pete inayobana huwa ngumu na nyembamba kuliko ilivyokuwa. Ndiyo maana unaona hali imezidi tangu siku ile.

Sasa nenda kituo cha afya na uombe mambo mawili. La kwanza, ngozi ya govi itazamwe penye mwanga wa kutosha. Ikiwa mdomo wake umekuwa mweupe, mgumu, unaopasukapasuka, huenda ni ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi, ambao huhitaji dawa kali zaidi na mara nyingi huishia kwenye tohara. La pili, upimwe sukari. Mwanaume mzima ambaye govi lake linaanza kubana, au anayepata fangasi hapo mara kwa mara, anaweza kuwa na kisukari bila kujua, na hapo dawa ya kupaka peke yake haitafua dafu.

Ngozi ikionekana nzuri, dawa inayotumika sana ni betamethasoni ya asilimia 0.05. Naomba uiandikiwe, usijinunulie. Katika maduka yetu ya dawa muhimu zimejaa tyubu zilizochanganywa steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja, na nyingine ni zile zile ambazo watu hujichubulia uso, na steroidi kali ikipakwa muda mrefu bila usimamizi huifanya ngozi kuwa nyepesi na rahisi kuchanika.

Matumizi yake ni haya. Asubuhi na jioni, baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, rudisha govi nyuma hadi usikie limekaza, usifike kwenye maumivu. Chukua dawa kiasi cha punje ya choroko, ipake nyembamba kwenye ile pete inayobana, si uume mzima, kisha usugue polepole mpaka iingie. Baada ya wiki moja hivi, ngozi ikianza kulainika, ongeza zoezi la kulishikilia govi katika mkazo huo kwa dakika chache kila unapooga. Ukiona damu, umezidisha. Pumzika mpaka kidonda kipone. Matibabu huchukua wiki 4 hadi 8, na mwisho wa wiki ya 4 urudi utazamwe. Usitumie sabuni yenye manukato ndani ya govi, maji yanatosha. Tena, kama unatumia kondomu, fahamu kwamba dawa zenye mafuta hudhoofisha mpira wake.

Jambo hili ulishike sana: kila ukilirudisha govi nyuma, lirudishe mbele mara tu umalizapo. Likikwama nyuma, kichwa cha uume huvimba na damu huweza kushindwa kupita. Hiyo ni dharura. Kibane kichwa hicho kwa kiganja, kwa nguvu ya wastani, kwa dakika kadhaa ili uvimbe upungue, na lisiporudi uende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Likishalegea, endelea kulirudisha na kuliosha kila siku, la sivyo huweza kubana upya. Zikipita wiki 8 bila mabadiliko, uliza kuhusu upasuaji mdogo wa kupanua mdomo wa govi bila kuliondoa, na baada ya hapo ndipo tohara. Tohara yenyewe ina faida yake: hupunguza kwa takribani asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke, na mpango wa tohara ya hiari umefika hadi mkoani kwako. Ukiichagua kwa sababu hiyo, ni uamuzi mzuri, lakini iwe ni kwa kuchagua, si kwa kuambiwa kwamba hakuna njia nyingine.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 3. Govi lake halirudi nyuma, na akikojoa linatuna kama puto kisha linanywea. Shangazi yake anataka tulivute kila tunapomwogesha. Tufanyeje? Mama, Kisumu.

JIBU: Msilivute, mama. Karibu watoto wote wa kiume huzaliwa govi likiwa limeshikamana na kichwa cha uume, na huachana lenyewe kadiri mtoto anavyokua, kwa wengine hadi wakati wa kubalehe. Kutuna wakati wa kukojoa si ugonjwa ikiwa mkojo unatoka vizuri na mtoto halii. Mwosheni kwa nje tu. Mpelekeni hospitali akipata homa, govi likiwa jekundu na kutoa usaha, au mkojo ukitoka kwa kujikamua.